Mita Kwanza, Kikadi Baadaye: Mwongozo Kamili wa Hoteli ya Mjini Inayotunza Mazingira

Ukiingia kwenye bafu la hoteli karibu yoyote ya mjini utakikuta kile kikadi. Kina picha ya jani au tone la maji, na maneno ya kumwomba mgeni atumie taulo yake siku ya pili ili kuyatunza mazingira. Mgeni anaitikia, anaitundika taulo vizuri, anatoka kwenda kwenye shughuli zake. Akirudi jioni anakuta taulo mpya imekunjwa kitandani, taa za koridoni zimewaka tangu asubuhi, na tangi la choo linavuja maji usiku kucha.

Mwaka 1986 mwanamazingira wa Marekani, Jay Westerveld, aliandika makala kuhusu vikadi vya namna hii. Hoja yake ilikuwa kwamba hoteli zinapunguza gharama zao za kufua, kisha zinauita upunguzaji huo upendo kwa mazingira, huku mambo makubwa yakibaki vilevile. Kutoka hapo likaenea neno la Kiingereza, greenwashing, la kuelezea biashara inayojipaka rangi ya kijani. Maana yake ni kwamba wageni wamekuwa wakivisoma vikadi hivi kwa miongo kadhaa, na wengi wameshajua kutofautisha kauli na kazi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Unaanza na mita, unashuka kwenye mabomba na mashine ambazo mgeni hazioni kamwe, unapita jikoni na kwenye chumba cha kufulia, na kikadi kinakuja mwisho kabisa. Nimeuandika kwa ajili ya mwenye hoteli au meneja wa jengo ambalo tayari limejengwa na linafanya kazi, tuseme la vyumba 20 hadi 100. Mwenye nyumba ya wageni au fleti za kupangisha kwa siku anaweza kuufuata vilevile, akiruka yale yasiyomhusu.

Hatua ya 1: Jua unachotumia sasa

Kusanya bili za maji, umeme na gesi za miezi 12 iliyopita. Kisha tafuta kwenye daftari la mapokezi idadi ya vyumba vilivyolaliwa kila mwezi. Gawanya matumizi ya mwezi kwa idadi hiyo. Hoteli ya vyumba 40 ambayo kwa siku 30 ilijaa asilimia 60 ina vyumba 720 vilivyolaliwa. Ikiwa bili ya maji inasema mita za ujazo 430, yaani lita 430,000, basi kila chumba kilicholaliwa kilibeba karibu lita 600 kwa usiku mmoja. Namba hiyo, lita kwa chumba kwa usiku, ndiyo utakayoishi nayo. Jumla ya bili peke yake inadanganya, kwa sababu mwezi wa wageni wachache utaonekana mwezi wa ubanaji hata kama maji yalimwagika ovyo.

Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Ukilinganisha msimu wa joto na msimu wa baridi utajisifu kwa kazi iliyofanywa na hali ya hewa.

Kuna njia za kimataifa za kufanya hesabu hizi zilizotengenezwa na sekta yenyewe, HCMI kwa hewaukaa na HWMI kwa maji. Zinafaa zaidi pale makampuni yanayoleta mikutano yanapoanza kukuuliza takwimu. Kwa mwaka wa kwanza daftari linatosha.

Baada ya bili, nenda kwenye mita yenyewe. Kipimo ninachokithamini kuliko vyote hakigharimu kitu: mtu wa zamu ya usiku asome mita kuu ya maji saa nane usiku na tena saa kumi, wakati karibu kila mgeni amelala na jikoni pamefungwa. Afanye hivyo usiku tano au sita, nawe uchukue usomaji wa chini kabisa. Ikiwa hata usiku huo mtulivu mita ilisogea lita 400 kwa saa mbili, hiyo ni lita 200 kwa saa, lita 4,800 kwa siku, na zaidi ya lita 140,000 kwa mwezi zinazopita bila mtu kuzitumia. Fanya vivyo hivyo kwa umeme. Utashangaa jengo lililolala linakula kiasi gani.

Ukiwa na uwezo wa kununua mita ndogo za ziada, weka ya kwanza kwenye chumba cha kufulia, ya pili jikoni, ya tatu kwenye mtambo wa maji ya moto. Bila hizo, idara zote zitasema tatizo liko kwa wenzao.

Chagua mtu mmoja mwenye jina na zamu, si kamati, wa kuandika namba hizi kila wiki siku ileile.

Hatua ya 2: Maji

Anza na vyoo. Tangi la choo linalovuja halipigi kelele kama bomba la sinki, maji yanateleza ukutani mwa bakuli kimyakimya, na choo kimoja kibovu kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Chukua rangi ya chakula, tia matone machache kwenye tangi, usivute choo, rudi baada ya dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini ya tangi umechoka. Ni kipande kidogo ambacho fundi anakibadilisha kwa dakika chache. Wape wahudumu wa vyumba kazi hii mara moja kila baada ya miezi mitatu, vyumba vyote, na waandike tarehe.

Kisha pima shawa. Weka ndoo chini yake, fungua maji hadi mwisho kwa sekunde 10, pima kilichoingia, zidisha kwa 6. Shawa za zamani hutoa lita 15 kwa dakika au hata zaidi, nzuri za kisasa hutoa 7 hadi 9 na mgeni akaridhika. Tofauti si ya maji tu. Mgeni anayeoga dakika 8 chini ya shawa ya lita 15 anatumia lita 120, chini ya ile ya lita 8 anatumia 64. Zile lita 56 zilizookolewa zingehitaji kupashwa moto. Kuzipandisha nyuzi 25 tu kwa hita ya umeme ni zaidi ya uniti moja na nusu, kwa mtu mmoja, kwa kuoga mara moja.

Hapa watu wengi hukosea kwa kununua shawa 60 za aina moja kwa mkupuo. Presha ya maji ghorofa ya chini si sawa na ya ghorofa ya juu. Nunua mbili au tatu, zifunge vyumba vya juu kabisa na vya chini kabisa, ulale humo mwenyewe na uoge. Shawa inayodondosha maji kinyonge humfanya mgeni akae bafuni mara mbili ya muda wake, na akiba yako inaishia hapo.

Kwenye sinki za vyumbani funga kile kiwavu cha mdomo wa bomba kinachochanganya maji na hewa, kinashusha mtiririko hadi lita 5 kwa dakika na mikono inanawika vizuri. Usikifunge kwenye bomba la kujazia masufuria jikoni. Sufuria ya lita 20 inahitaji lita 20, utampotezea mpishi muda bila kuokoa chochote.

Vyoo vya zamani hutumia lita 9 au zaidi kwa mvuto mmoja. Vyenye vitufe viwili hutumia takriban 6 kwa kubwa na 3 kwa ndogo. Kama huwezi kuvibadilisha mwaka huu, chupa iliyojazwa maji na kufungwa vizuri ndani ya tangi itapunguza kiasi kinachojaa. Usitumie tofali, linamomonyoka na vipande vyake vinaharibu vali. Kisha vuta mara kadhaa uhakikishe bakuli linasafika. Choo kinachotaka kuvutwa mara mbili kimekula faida yote.

Na sasa onyo ambalo miongozo mingi ya utunzaji mazingira hulisahau. Mtu akitafuta akiba hushawishika kushusha joto la tangi la maji ya moto. Usifanye hivyo bila kujua unachofanya. Bakteria aina ya Legionella hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, na mvuke wa shawa huwapeleka moja kwa moja kwenye mapafu. Ugonjwa wa mapafu wanaouleta ulipata jina lake mwaka 1976, baada ya mkutano wa maveterani wa American Legion uliofanyika hotelini huko Philadelphia, ambapo watu wengi waliugua na wapatao 30 wakafariki. Maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 na yafike bombani yakiwa angalau 50, na vifaa vya kuchanganya maji viwekwe ili mgeni asiungue. Chumba ambacho hakijalaliwa wiki nzima kifunguliwe mabomba na shawa kwa dakika kadhaa. Hayo ni maji yanayotumika kwa haki.

Akiba halali ya maji ya moto iko kwenye mabomba: yavike kihami joto tangu kwenye tangi hadi vyumbani. Mgeni asiyesubiri dakika mbili maji ya baridi yaishe hamwagi lita 20 kila asubuhi.

Hatua ya 3: Umeme, joto na ubaridi

Mwenye hoteli akisema anataka kuwa wa kijani, jambo la kwanza anapiga simu kwa muuza paneli za sola. Ningemwomba asubiri kidogo. Hoteli ya mjini ina paa dogo na ghorofa nyingi. Paneli za paa moja haziwezi kulisha ghorofa nane za viyoyozi, friji na mashine za kufulia. Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza punguza mahitaji, pili badilisha mashine zinazokula sana, tatu ndipo sola, ambayo sasa itaonekana kwenye bili kwa sababu kilichobaki ni kidogo.

Kupunguza mahitaji kunaanza mapokezini, na hakugharimu hata senti. Siku za wageni wachache, jaza ghorofa moja kabla ya kufungua nyingine. Zile tupu zima viyoyozi, friji ndogo na taa za koridoni. Wakati wa joto, toa kwanza vyumba vya upande usiopigwa na jua la mchana. Mfumo wa kuhifadhi nafasi hugawa vyumba ovyo mpaka mtu auambie vinginevyo. Keti na watu wa mapokezi, mchore ramani ya jengo, mweke alama vyumba vya kutolewa kwanza.

Pili ni utaratibu wa mhudumu anapotoka chumbani: pazia limefungwa upande wa jua, kiyoyozi kimezimwa au kimepandishwa hadi nyuzi 26, taa na televisheni zimezimwa, dirisha limefungwa. Chumba kilichofungwa pazia hakihitaji kiyoyozi cha siku nzima ili mgeni akute ubaridi.

Kile kitundu cha kadi mlangoni kinachowasha umeme wa chumba ni kizuri kwenye karatasi. Wageni wazoefu huchomeka kadi nyingine yoyote wakaacha kiyoyozi kikivuma mchana kutwa. Kitambuzi cha mwendo kinachoshirikiana na kitambuzi cha mlango hufanya kazi vizuri zaidi, na kile cha dirisha kinachozima kiyoyozi dirisha likifunguliwa ni bora pia. Kuhusu nyuzi, weka 24 au 25 kama kianzio kila mgeni mpya anapoingia, umwachie ashushe hadi 21 akitaka. Ukimfungia kwenye 26 bila ruhusa utapata malalamiko, kisha meneja wa zamu atauondoa mfumo wote usiku wa manane.

Taa zifuate saa za kuwaka. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka koridoni saa 24 kwa mwaka hula karibu uniti 525. LED ya wati 9 hula karibu 79. Basi anza na koridoni, ngazi, maegesho na jikoni. Taa ya kando ya kitanda, inayowaka saa moja kwa siku, inaweza kungoja iungue.

Maji ya moto ndiyo mahali pa kuweka pesa kubwa. Paneli za kupasha maji kwa jua huitumia nafasi ndogo ya paa vizuri sana. Pasipo jua la kutosha kuna pampu joto, mashine inayochota joto kutoka hewani au ardhini: kwa uniti moja ya umeme hutoa takriban uniti tatu za joto. Hita ya kawaida haiwezi kutoa zaidi ya moja.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu hulipita, nalo ni gesi iliyo ndani ya kiyoyozi. Viyoyozi vingi vimejazwa R-410A, na kilo moja yake ikivuja hewani huongeza joto la dunia sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewaukaa kwa kipimo cha miaka 100. R-32 ni kama 675. R-290, ambayo ni propani, ni kama 3 tu, ingawa inashika moto na inataka fundi aliyefunzwa. Gesi hizi kali ndizo zilizolengwa na makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. Kwa hiyo fundi anayekuja kila msimu "kuongeza gesi" anakuambia kwamba gesi ya mwaka jana ilikwenda angani. Mwambie atafute tundu kwanza. Na kiyoyozi kinachotupwa kinyonywe gesi yake kwa mashine, isiachiwe tu.

Wanaofikiri jengo kuukuu haliwezi kitu waitazame Hotel Marcel ya New Haven, Marekani. Ni jengo la ofisi lililochorwa na Marcel Breuer na kumalizika mwaka 1970, likakaa tupu kwa miaka, kisha likafunguliwa kuwa hoteli mwaka 2022, likiendeshwa kwa umeme peke yake bila gesi wala mafuta. Hawakubomoa zege lililokwishamwagwa, na hilo nalo ni akiba, maana saruji na chuma vya jengo jipya hutoa hewaukaa nyingi kabla mgeni wa kwanza hajafika. Vienna nako kuna Boutiquehotel Stadthalle, ambayo tangu 2009 imejipangia kuzalisha nishati inayolingana na inayotumia kwa mwaka, kwa sola na pampu joto ya maji ya chini ya ardhi. Mgeni anayefika kwa treni au baiskeli hupunguziwa bei.

Hatua ya 4: Kufua

Sasa turudi kwenye taulo. Kabla ya maneno yoyote, ingia bafuni uhesabu sehemu za kutundika. Vyumba vingi vina ndoano moja kwa wageni wawili na taulo nne. Mgeni mwenye nia njema hana pa kuianika, anaitupa chini, na chini maana yake "nibadilishie". Funga ndoano nne zenye nafasi kati yake. Taulo isiyokauka hakuna atakayeirudia.

Maneno nayo yana uzito. Watafiti Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walijaribu vikadi tofauti katika hoteli moja ya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Kikadi cha kawaida cha kulinda mazingira kiliwafanya asilimia 35 ya wageni watumie taulo tena. Kilichosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hufanya hivyo kilifikisha 44. Katika jaribio la pili, kikadi kilichowataja wageni waliolala chumba hichohicho kilifika asilimia 49. Watu hufuata wenzao kuliko wanavyofuata mawaidha. Ila usiandike "wengi" kabla hujahesabu. Mhudumu aweke alama kwenye orodha yake kwa wiki tatu, uandike namba uliyoipata.

Kwa shuka, sheria ninayoipendekeza ni kubadilisha kila usiku wa tatu na kila mgeni anapoondoka, na siku yoyote mgeni akiomba. Andika sheria hiyo, kwa sababu ahadi hii huvunjwa na wafanyakazi ambao hawajawahi kuambiwa kwa uwazi kwamba taulo iliyotundikwa haiguswi. Mhudumu anaogopa kukaripiwa kwa chumba kisicho na taulo mpya, basi anabadilisha zote ajiokoe. Kosa hapo si lake.

Mashine ijazwe kwa kipimo. Pima mzigo kwenye mizani mara chache, wafuaji wakishajua kilo 15 zinaonekanaje watakadiria kwa macho. Sabuni nyingi kupita kiasi hutaka kusuuza tena. Kukausha ndiko kunakokula nishati zaidi, hivyo mzunguko wa kukamua uwe wa kasi na mashine izimwe nguo zinapokauka, isiachwe mpaka shuka liwe kama karatasi. Mgeni akiugua, nguo zake zifuliwe kando kwa maji ya moto kabisa, hapo akiba isubiri.

Shuka lililochanika katikati bado ni foronya mbili, kisha matambara.

Hatua ya 5: Jikoni na bafe

Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotoka 2024, ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 ilitokana na migahawa, hoteli na wahudumu wengine wa chakula. Hotelini, adui ni bafe ya asubuhi. Meneja anataka ionekane imejaa mpaka dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho yote inakwenda jalalani.

Weka ndoo tatu kwa wiki moja: ya mabaki ya maandalizi, ya kilichobaki kwenye meza ya bafe, na ya kilichobaki kwenye sahani. Pima kila ndoo kila siku, gawanya kwa idadi ya waliokula. Ndoo tatu zina dawa tatu tofauti. Ya maandalizi ikiwa nzito, shughulika na visu, mafunzo na ununuzi. Ya bafe ikiwa nzito, pika kidogo kidogo, tumia vyombo vidogo nusu saa ya mwisho, na mayai yapikwe mgeni akiagiza. Ya sahani ikiwa nzito, punguza sahani zenyewe: jaribio lililofanywa katika hoteli za Norway na kuchapishwa 2013 lilionyesha kwamba sahani ndogo zilishusha mabaki kwa karibu asilimia 20, na kibao cha kumkaribisha mgeni arudi kuongeza kadiri anavyotaka kilishusha karibu kiasi hichohicho. Wageni hawakulalamika kwa sababu hakuna aliyewanyima kitu.

Chakula kizima ambacho hakijafika mezani kinaweza kwenda kwa watu, kwa kufuata kanuni za usalama wa chakula za mahali ulipo. Maganda yaende kwenye mboji. Mafuta yaliyokaangiwa yakusanywe kwenye madumu na kupewa wanaoyatengeneza kuwa sabuni au dizeli. Yakimwagwa kwenye sinki huganda, na bomba litakaloziba la kwanza ni lako.

Hatua ya 6: Vichupa, maji ya kunywa na vitu vya "kuoza"

Hapa pana kelele nyingi kuliko uzito, kwa hiyo nitapita haraka. Badilisha vichupa vya shampuu kwa chupa kubwa za ukutani zenye kufuli. California imepiga marufuku vichupa hivyo hotelini, kwa hoteli zenye vyumba zaidi ya 50 tangu Januari 2023 na kwa zilizobaki tangu Januari 2024. Usiongeze shampuu mpya juu ya ya zamani, chupa ioshwe na kukaushwa kabla ya kujazwa. Vipande vya sabuni vilivyobaki vinaweza kusafishwa na kuyeyushwa upya, kazi inayofanywa na Clean the World, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009.

Kwa maji ya kunywa, weka mtambo wa kuchuja kila ghorofa na chupa za kioo chumbani, na cheti cha vipimo vya maabara kibandikwe pale pale. Mgeni asipoona ushahidi atanunua chupa ya plastiki dukani.

Uwe mwangalifu na vikombe na vijiko vinavyouzwa kwa jina la "vinavyooza". Vingi vimetengenezwa kuoza kwenye viwanda vya mboji vyenye joto la karibu nyuzi 60. Kama mji wako hauna kiwanda hicho, vitakaa jalalani kama plastiki nyingine. Kikombe cha udongo kinachooshwa kinashinda vyote.

Hatua ya 7: Watu

Kila kitu hapo juu kinapita mikononi mwa mhudumu wa vyumba, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa. Kuna ubaya mmoja mahususi. Katika baadhi ya miji ya Marekani na Kanada, wahudumu walilalamika kwamba mpango wa kumwacha mgeni akatae kusafishiwa chumba "kwa ajili ya mazingira" uliwapunguzia saa za kazi na mshahara. Zaidi ya hayo, chumba kisichoguswa siku nne humwachia mhudumu uchafu wa siku nne, na muda aliopewa ni uleule wa siku moja. Mpango wa kijani unaolipiwa na mtu anayelipwa kidogo kuliko wote jengoni si wa kijani.

Basi amua kabla ya kuanza: saa zilizookolewa zitafanya nini? Kuna vyoo vya kupima rangi, vichungi vya viyoyozi vya kusafisha kila mwezi, mabomba ya kufungua kwenye vyumba vitupu, godoro za kugeuza. Kazi ipo. Sema wazi kwamba hakuna atakayepunguziwa saa, na sehemu ya akiba ya bili igawanywe kwa wafanyakazi wote kila robo mwaka, kwa hesabu iliyobandikwa ukutani. Utaanza kuletewa taarifa za bomba linalovuja siku lilipoanza kuvuja.

Hatua ya 8: Cheti, na kusema ukweli

Baada ya miezi 12 ya kupima, unaweza kufikiria cheti. GSTC, baraza la kimataifa la utalii endelevu, halitoi cheti kwa hoteli. Linaweka vigezo na kuyapa ithibati mashirika yanayokagua. Mtu akikuuzia "cheti cha GSTC" moja kwa moja, muulize maswali. Green Key, iliyoanza Denmark mwaka 1994, inafaa hoteli inayofanya kazi tayari kwa sababu inaangalia uendeshaji wa kila siku. EDGE, ya shirika la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia, inaangalia jengo, nayo inataka upungufu wa angalau asilimia 20 katika nishati, maji, na nishati au hewaukaa ya kutengeneza vifaa vya ujenzi. LEED nayo imeegemea zaidi jengo. Swali la kuwauliza wote ni moja: je, mkaguzi atafika hapa, au natuma picha tu? Cheti cha kujaza fomu na kulipia hakistahili kutundikwa.

Jihadhari pia na maneno. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2024/825, linaloanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, linakataza kumwambia mnunuzi kwamba kitu ni "rafiki wa mazingira" bila ushahidi, na linakataza kudai kwamba bidhaa haina madhara kwa hali ya hewa kwa sababu tu umenunua fidia ya hewaukaa mahali pengine. Hata kama hoteli yako iko mbali na Ulaya, andika kana kwamba agizo hilo linakuhusu.

Sasa unaweza kuchapa kikadi. Kisiwe na jani wala tone. Kiandike namba zako halisi, kwa mfano: "Mwaka jana kila chumba kilitumia lita 600 za maji kwa usiku. Mwaka huu ni 410. Bado hatujabadilisha vyoo vya ghorofa ya tatu, tutamaliza mwezi Juni. Taulo iliyotundikwa hatutaigusa. Ukiona bomba linavuja, piga simu mapokezi, fundi atakuja leo."